Mjusi wa Kaledonia Mpya Sebuleni: Mgeni Anahitaji Nini Hasa?

Anayeleta nyumbani mjusi wa kufuga kwa mara ya kwanza ni nadra kumdhuru kwa uvivu. Humdhuru kwa bidii. Anamwashia taa kali kwa kuwa amesikia mijusi hupenda jua. Anamnyunyizia maji kila akipita. Anamtoa kumwonyesha kila mgeni, na siku ya pili, akiona chakula hakijaguswa, anabadilisha chakula, na siku ya tatu anabadilisha tena. Kwa mjusi ninayemzungumzia hapa, kazi kubwa ya mfugaji hufanywa kabla mnyama hajafika. Akishafika, sehemu kubwa ya malezi ni kujizuia.

Ni mjusi kafiri mwenye kishungi, Correlophus ciliatus kwa jina la kitaalamu, na katika miaka 30 hivi amekuwa miongoni mwa watambaazi wanaofugwa sana majumbani Ulaya na Amerika Kaskazini. Familia zetu zilizoko huko hukutana naye kupitia watoto: mtoto kamwona darasani au dukani, naye hatulii mpaka anunuliwe. Mjusi mzima ana urefu wa sentimita 20 hivi pamoja na mkia, na uzito wa gramu 35 hadi 55. Juu ya macho yake kuna vijinundu laini vilivyojipanga mstari, vikashuka shingoni hadi mgongoni. Hana kope za kufumba. Vumbi likimwingia, hutoa ulimi na kulipangusa jicho lote kwa mpigo mmoja, kisha hutulia kama hakuna kilichotokea. Nyayo zake hushika kioo kilichosimama wima, na hata ncha ya mkia ina kiganja kidogo cha kujishikiza.

Kwao ni Kaledonia Mpya, visiwa vilivyo chini ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki, mashariki mwa Australia. Mfaransa Alphonse Guichenot ndiye aliyemwelezea kisayansi mwaka 1866. Baadaye alipotea machoni pa wataalamu kwa muda mrefu kiasi cha kudhaniwa kwamba ametoweka duniani, hadi mwaka 1994 msafara wa Robert Seipp ulipomkuta yu hai. Anaishi kusini mwa kisiwa kikuu cha Grande Terre na katika kisiwa cha Île des Pins, kwenye misitu yenye unyevu, na shirika la uhifadhi la IUCN limemweka katika kundi la spishi zilizo hatarini. Huko porini anaandamwa na panya walioletwa na meli, na pia sisimizi wadogo wakali wenye asili ya Amerika ambao wameenea visiwani.

Historia hii si pambo. Kila kosa la malezi ninalolijua linatokana na kusahau kwamba mnyama huyu ni wa msitu wa aina hiyo. Katika mji mkuu, Nouméa, wastani wa joto huwa kama nyuzi 20 mwezi Agosti na 26 au 27 mwezi Februari. Chini ya majani mazito ya msitu kuna ubaridi zaidi ya hapo. Mchana mjusi hulala kwenye matawi na majani, jioni huamka, usiku huwinda na kulamba matunda yaliyoiva. Si mjusi wa jangwani wa kuota jua juu ya jiwe.

Kwa hiyo tuanze na joto, maana ndilo linaloua upesi. Mchana anahitaji nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi. Usiku zikishuka hadi 18 au 20 hakuna tatizo, na kwa kweli kushuka huko kunamfaa. Zikipita 28 anaanza kutaabika, na akikaa muda mrefu kwenye zaidi ya 30 anaweza kufa. Ndiyo maana chumba cha kawaida Nairobi au Arusha, achilia mbali suala la vibali, kinamkaribia kuliko chumba cha Mombasa mwezi Februari, na mtu wa Muscat au Dubai hawezi kumfuga bila kiyoyozi kisichozimwa. Walioko Ulaya nao wasijione wamesalimika. Julai 2022 joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu kuanza kwa vipimo, na nyumba nyingi za huko zimejengwa kuzuia joto lisitoke. Siku kama hizo kizimba kihamishiwe chumba cha chini chenye kivuli, na chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa iegemezwe nje ya kioo. Wala kizimba kisiwekwe dirishani hata majira ya baridi, kwa sababu jua likipita kwenye kioo hunaswa ndani, na saa moja inatosha kuleta msiba.

Wakati wa baridi kali, taa ndogo ya joto iwekwe juu, nje ya wavu, ikiwa imeunganishwa na themostati. Mawe ya umeme ya kulalia yanayouzwa madukani yaachwe hukohuko dukani, kwani yameunguza matumbo ya watambaazi wengi.

Baada ya joto ni maji, na hapa ndipo wafugaji wapya wanapochanganyikiwa zaidi. Wameambiwa anahitaji unyevu, basi wanalowesha kizimba asubuhi, mchana na usiku hadi kinanuka ukungu. Msitu haukai hivyo. Unalowa, kisha unakauka. Nyunyiza maji kwa wingi jioni taa zinapozimwa, unyevu wa hewa upande hadi asilimia 80 au zaidi, kisha uuache ushuke polepole hadi 50 au 60 kabla ya kunyunyiza tena. Asubuhi, kama hewa ni kavu sana, ongeza kidogo tu. Kizimba kisichokauka kamwe huleta maradhi ya ngozi na ya mapafu. Kizimba kikavu nacho humzuia mjusi kujivua ngozi vizuri. Nyumba za nchi za baridi zinapowashwa mitambo ya kupashia joto kuanzia Novemba, hewa ya ndani hukauka mno, na ratiba iliyofaa mwezi Septemba haifai tena. Nunua kipimajoto na kipimaunyevu vya kidijiti. Vile vya mshale vinavyobandikwa kwenye kioo mara nyingi hudanganya, na mtu anayefuata namba ya uongo ni afadhali asingekuwa na namba yoyote.

Bakuli dogo la maji liwepo, ingawa mara nyingi utamwona akilamba matone kwenye majani.

Kujivua ngozi ni mtihani wa unyevu huo. Mjusi hufifia rangi, huwa wa kijivu kama aliyepakwa majivu, kisha ngozi hupasuka mdomoni naye huivuta kwa meno na kuimeza. Soksi ndogo za vidole ndizo huchelewa kutoka. Usipofuatilia unaweza usione kitu, lakini ukimtazama kwa tochi utaona pete nyembamba nyeupe iliyobaki kwenye kidole au kwenye ncha ya mkia. Pete hiyo ikikauka hubana, damu haipiti, na kidole hufa. Usiivute ikiwa kavu. Mweke mjusi kwenye chombo chenye matundu ya hewa na karatasi ya jikoni iliyolowa maji ya uvuguvugu wa chumba, kwa nusu saa hivi, kisha sugua kwa upole ukitumia kijiti cha pamba kilicholowa. Kwa kawaida huachia yenyewe.

Kizimba chenyewe kiwe kirefu kwenda juu kuliko upana, kwa kuwa mjusi huyu ni wa kupanda. Kwa mjusi mzima, sentimita 45 kwa 45 kwa kimo cha 60 ndicho kipimo cha chini ninachokikubali. Kwa mtoto, wafugaji hubishana. Wapo wanaosema kizimba kikubwa humtisha, wapo wanaosema hakimtishi ikiwa kimejaa majani ya kujificha. Nadhani hawa wa pili wako sahihi kuhusu mnyama, lakini wa kwanza wako sahihi kuhusu mfugaji: katika kizimba kidogo cha sentimita 30 kwa 30 kwa 45 unaona amekula nini na amekunya nini, na kwa mgeni taarifa hiyo ni muhimu kuliko nafasi. Jaza matawi ya unene tofauti, magome yaliyosimama na majani mengi, ya kweli au ya plastiki. Sakafuni weka karatasi ya jikoni tu kwa miezi ya mwanzo. Udongo wa makumbi ya nazi na majani makavu unapendeza na unatunza unyevu, lakini uje baadaye, ukishajua kwamba mjusi wako ni mzima.

Chakula kimebadilika kabisa tangu miaka ya 1990. Wafugaji wa mwanzo, wakijua kwamba porini anakula matunda, nekta na wadudu, walimpa matunda yaliyosagwa ya watoto wachanga. Alikula kwa furaha, mifupa ikalainika, kwa sababu matunda peke yake hayana kalsiamu ya kutosha. Kisha wakaja watu kama mfugaji wa Marekani Allen Repashy, waliotengeneza unga kamili wenye protini, matunda, madini na vitamini, na unga wa namna hiyo ndio uliofanya mjusi huyu awe rahisi kufugwa. Leo unauzwa na kampuni kadhaa. Changanya kijiko kimoja cha unga na viwili vya maji mpaka uwe mzito kama sosi ya nyanya. Mtoto apewe kila jioni, mkubwa mara tatu kwa wiki, kiasi cha nusu kijiko cha chai. Weka kwenye kikombe kidogo kilichoinuliwa ukutani, si sakafuni, na ukiondoe baada ya siku moja au moja na nusu.

Mgeni apewe unga uleule aliokuwa akila kwa muuzaji. Hili ni dogo na linaokoa wasiwasi mwingi. Ukitaka kubadilisha, subiri hadi awe anakula vizuri, kisha changanya cha zamani na kipya kidogo kidogo.

Wadudu, yaani nyenje au mende wa kufugwa wa aina ya Dubia, ni nyongeza ya mara moja kwa wiki, wasizidi urefu wa nafasi iliyo kati ya macho yake, na wapakwe unga wa kalsiamu. Mende wa jikoni kwako hafai hata kidogo, kwa kuwa hujui amepita kwenye dawa gani. Papai au tini iliyopondwa yaweza kutolewa mara mojamoja. Matunda hayo yana kalsiamu afadhali kuliko ndizi, ambayo mjusi huipenda mno na akiizoea anaweza kususia unga.

Kuna swali la mwanga. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mnyama wa usiku hahitaji miale ya urujuanimno. Siku hizi wataalamu wengi wanaona vingine: analala mchana kwenye majani, miale michache inamfikia, na ngozi yake hutengeneza vitamini D3 kutokana nayo. Mimi naunga mkono taa hafifu ya aina hiyo kwa saa 12 za mchana, kwa sharti kwamba pawe na kivuli kizito anachoweza kukikimbilia. Asiyeweza kuinunua ahakikishe unga wa chakula una D3, na unga ulio mzuri unayo. Kinachomwumiza mnyama ni kukosa vyote viwili.

Wiki mbili za mwanzo ndizo ngumu kwa mwenye nyumba. Mjusi aliyesafiri ndani ya kikopo, akatolewa mahali penye harufu anazozijua, hutumia siku kadhaa akiwa amejikunyata nyuma ya gome. Huenda asile siku tatu, nne, hata zaidi. Hata akila, hula kwa kulamba, na kwa mtoto wa gramu chache ulimi huacha alama ndogo sana kwenye kikombe. Mpwa wangu, alipokuwa na mjusi mgeni, alinipigia simu karibu kila jioni.

"Shangazi, hajala tena."

"Umeangalia karatasi chini? Kuna mavi?"

"Yapo mawili. Madogo, yana weupe nchani."

"Basi anakula, baba. Mwache."

Weupe huo ni mkojo wake mkavu, dalili nzuri. Kipimo kingine kisichodanganya ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mara moja kwa wiki mwingize kwenye kikopo, pima, andika. Uzito ukisimama kwa muda, subiri. Ukishuka wiki baada ya wiki, mwone daktari. Bila daftari hilo utaishi kwa hofu au kwa kujidanganya.

Kumshika kusubiri mpaka wiki hizo mbili zipite na awe anakula. Kisha ni dakika chache tu, mara chache kwa wiki, ukiwa umeketi sakafuni, maana huruka bila taarifa. Usimkamate. Mtandazie kiganja apande, kisha weka kiganja kingine mbele yake, naye atatembea kutoka huku kwenda kule hadi atulie.

Juu ya mkia ni lazima kusema wazi. Akiogopa sana huuachia, na mkia ulioanguka huendelea kuchezacheza ili kumshughulisha adui huku yeye akitoroka. Mijusi kafiri wa kuta zetu huota mkia mpya. Huyu haoti, na kibutu hubaki hivyo maisha yote. Mtoto wa nyumbani atalia akidhani amemwua. Kwa kweli jeraha hujifunga haraka lenyewe, na wengi wa mijusi wakubwa huko porini hukutwa hawana mikia. Safisha kizimba, rudisha karatasi sakafuni, mpe utulivu. Mjusi asiye na mkia anaishi vizuri kabisa, na mtu anayetaka kumpa nyumba mnyama aliyekataliwa dukani kwa kasoro hiyo hatajuta.

Magonjwa ya kujihadhari nayo si mengi. Linaloumiza zaidi kulitazama ni lile la mifupa, ambalo mtu wa kwetu angelielewa haraka kama matege: taya linalegea, miguu inapinda, mkia unakuwa na mawimbi, mjusi anashindwa kushika kioo. Chanzo ni upungufu wa kalsiamu au D3, na mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena, ingawa ugonjwa unaweza kusimamishwa. Dalili nyingine za kumpeleka hospitali ni macho yaliyodidimia, mifupa ya nyonga iliyochomoza, kamasi mdomoni, kuhema kwa mdomo wazi, au kuharisha kusikokoma. Kinyesi kipimwe mapema kutafuta vimelea. Kama una watambaazi wengine, mgeni akae chumba tofauti na vyombo vyake kwa miezi miwili au mitatu, kwa kuwa kimelea cha Cryptosporidium kikishaingia ni shida kukiondoa. Tafuta daktari wa watambaazi kabla ya kununua mnyama, kwa sababu madaktari wengi wa paka na mbwa hawamjui. Marekani, chama cha madaktari wa watambaazi, ARAV, huorodhesha wataalamu wa aina hiyo.

Watambaazi, hata wenye afya njema, hubeba bakteria wa Salmonella. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa au kusafisha, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na penye mtoto wa chini ya miaka 5, taasisi ya afya ya CDC ya Marekani inashauri watambaazi wasifugwe kabisa. Nauchukulia ushauri huo kwa uzito.

Nyumba zetu zina mambo yake pia. Moshi wa udi na ubani, ambao bila huo Ijumaa haijakamilika, unawasha mapafu madogo kama hayo, sawa na dawa ya kupulizia mende. Basi kizimba kiwe chumba ambacho chetezo hakifiki. Kisha kuna wazee. Kwa Waislamu wengi wa Pwani mjusi kafiri ni kiumbe wa kufukuzwa kwa ufagio, kwa sababu ya hadithi kwamba aliupuliza moto wa Nabii Ibrahim. Bibi akija kukaa miezi mitatu asikute jambo hili limeamuliwa bila yeye. Lizungumzwe mapema, kwa heshima, na kama nyumba haikubali, mtoto aambiwe hivyo kabla mnyama hajanunuliwa. Mjusi huyu huishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa. Mtoto wa miaka 10 atakwenda chuo, ataanza kazi, mjusi bado yupo, na aliyebaki nyumbani ndiye atakayemnyunyizia maji.

Wala asitafutiwe mwenzake. Hana upweke wa kuhitaji hivyo. Madume wawili hupigana hadi kuumizana. Dume na jike wakiwekwa pamoja, jike hutaga mayai mawili karibu kila mwezi katika msimu, akichota kalsiamu ya mwili wake, na anaweza kuendelea kutaga baada ya dume kuondolewa kwa kuwa huhifadhi mbegu. Uzalishaji una elimu yake: wenye rangi inayoitwa Lilly White, kwa mfano, wakipandishwa wao kwa wao, watoto wanaorithi rangi hiyo pande zote mbili hawaishi.

Linabaki swali la anakotoka. Karibu mijusi wote wa kishungi walioko madukani wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, na Kaledonia Mpya inawalinda walioko porini. Sivyo kwa kila mjusi anayeuzwa kando yake. Yupo mjusi mdogo wa rangi ya samawati, Lygodactylus williamsi, anayepatikana mkoani Morogoro, katika msitu wa Kimboza na vipande vichache vya misitu ya jirani, akiishi kwenye mikadi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua kati ya mijusi 32,310 na 42,610, na mara nyingi mkadi ulikatwa ili kuwafikia. IUCN imemweka kwenye ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na mwaka 2017 mjusi huyo akaingia Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kinachozuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji wa mjusi wa kishungi: ameanguliwa lini, wazazi wake ni wepi, ana gramu ngapi leo, na wiki iliyopita alikula nini. Mfugaji wa kweli hujibu yote manne bila kufikiri, mara nyingi akiwa na daftari mkononi. Kwa yule wa samawati wa Kimboza, omba pia karatasi zinazothibitisha kwamba alizaliwa kizimbani. Zisipokuwepo, usimnunue, hata kama bei ni nafuu na mtoto amesimama pembeni akisubiri.